UZI: Kuongoza msafara wa baiskeli wa klabu, Kisumu na viunga vyake

MkiaWaMsafara (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Klabu ya hapa mjini sasa inatoa watu 30 kila Jumapili na kuna viongozi wapya wanne wanaoanza zamu. Naweka hapa utaratibu ninaoutetea, mniambie palipo na kasoro kabla hatujauchapisha. Tafadhali leteni sababu pamoja na kauli.

Naanza na ukubwa wa kundi, maana ndipo makosa mengi huzaliwa. Baiskeli moja ina urefu wa karibu mita 1.8. Acha mita 2 kati yako na mwenzako. Watu 30 kwa mstari mmoja wanafanya mkia wa mita 112. Lori la mita 15 likiwafikia kwa kilomita 60 kwa saa nanyi mnaenda 22, likijiachia nafasi ya mita 20 za usalama, linahitaji sekunde 14 kuwamaliza. Katika sekunde hizo litakuwa limekula mita 232 za lami, na gari linalotoka mbele kwa kasi hiyohiyo limekula nyingine 232. Nionyesheni ni wapi kwenye kona za kupanda Maseno dereva anaona karibu nusu kilomita mbele. Hakuna. Kwa hiyo atajaribu, kisha atarudi upande wake katikati ya msafara wenu.

Watu 10 ni mkia wa mita 36. Lori lilelile linawapita kwa sekunde 7 na mita 112. Hii ndiyo sababu nasema vikundi vya watu 8 hadi 10, kila kimoja na kiongozi wake wa mbele na mfunga msafara wake, viachane dakika 5. Kwa kasi ya 20 hizo ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Vikundi vikikutana kwenye kituo cha maji, visiondoke pamoja.

Mfunga msafara ndiye mwenye orodha ya majina, nambari ya mtu wa kupigiwa wa kila mmoja, na hesabu ya vichwa. Yeye ndiye wa mwisho kabisa, hakuna mtu wa klabu anayebaki nyuma yake, na hamwachi mtu. Anayetaka kukatiza nyumbani amwambie yeye kwa mdomo. Ujumbe kwenye grupu la WhatsApp hautoshi, mtu anayeendesha hasomi simu.

Nataka maoni yenu kuhusu kasi, kona, vipuri na dharura.

UpepoWaKano

Hesabu ya lori naiunga mkono. Naongeza kuhusu kasi, kwa sababu kiongozi wa mbele anaweza kuharibu kundi bila yeye kuhisi lolote.

Kundi linavutika na kubanana kama kinanda cha mkono. Kiongozi akipunguza hadi 10 kuvuka tuta halafu akakanyaga mara moja hadi 20, wa kumi bado hajalifikia tuta. Akimaliza kulivuka, mbele yake kuna pengo, na inabidi aende 26 au 28 kuliziba. Fanya hivyo kwa matuta yote ya Otonglo na wa nyuma amekimbia mbio ndogo kumi na tano, kiongozi akiwa hajatokwa jasho. Ndiyo maana wanaochoka kwanza huwa ni wa mwisho, kisha tunasema hawana mazoezi.

Dawa yake: baada ya kila tuta, kona, mzunguko wa barabara au kilele cha mlima, kiongozi abaki kwenye kasi ya chini hadi asikie sauti ya mfunga msafara, "Tumetimia!" Neno hilo lipokezwe mdomo kwa mdomo hadi mbele. Ndipo aongeze, na aongeze polepole, kilomita moja moja.

Na waliochoka wasiwekwe nyuma. Wawekwe nafasi ya pili na ya tatu, nyuma tu ya kiongozi, ambako upepo umekatwa na mvutano haujaanza.

Kuhusu njia ya Ahero, tambarare yake inadanganya. Asubuhi na mapema mnaenda kama mnasukumwa. Kuanzia saa 4 au 5 hivi, nchi kavu ikishapata joto, upepo wa ziwa unaanza kuingia bara, na nyie mnarudi Kisumu mkiuelekea usoni, kilomita 24 bila kilima cha kujificha. Anayepanga safari hiyo ahesabu nguvu za kurudi kwanza. Mkichelewa, pangeni zamu za mbele za dakika 2 hadi 3. Anayemaliza zamu aangalie nyuma, ajitoe upande wa kulia kidogo tu, aache kukanyaga kwa nguvu, wenzake wapite kushoto kwake, kisha ajiunge mbele ya mfunga msafara. Gari likisikika nyuma, hakuna kubadilishana.

GiaYaKwanza

Samahani wakubwa, swali la mgeni. Tangazo likisema "kasi ya wastani 20", mimi ninayeenda 20 nikiwa peke yangu kwenye lami tambarare, naweza?

UpepoWaKano

Dada, hapana, na kosa ni la tangazo. Wastani wa 20 kwenye njia yenye mlima kama Riat unamaanisha tambarare mtaenda 25 au 26, kwa sababu kule mlimani kasi itashuka hadi 9. Tangazo liseme kasi ambayo kiongozi ataishika kwenye lami tambarare bila upepo. Hiyo mtu anaweza kujipima nayo nyumbani. Kwako, chagua kundi linalotangaza 16 hadi 18, maana safari ni ya saa kadhaa na mapengo ya kuziba hayakosi.

Mwalimu wa Luanda

Nashukuru kwa uzi huu. Nizungumzie kona, hasa kwa njia za murram kati ya Maseno na Luanda ambako kila mita 300 kuna njia panda na hakuna kibao.

Sisi tunatumia nguzo. Kiongozi akifika kona, anamwonyesha kwa mkono mtu aliye nyuma yake moja kwa moja. Huyo anasimama pale na kuwa nguzo: anawaelekeza wote hadi mfunga msafara afike, kisha anaingia mbele yake na kuendelea. Kona inayofuata, aliye wa pili sasa ndiye nguzo. Kwa njia hii kiongozi hahitaji kugeuka nyuma, na kundi linaweza kuvutika hata kilomita moja bila mtu kupotea.

Hushindwa kwa sababu tatu ninazozijua. Ya kwanza, nguzo anaondoka akiona watu wamekoma kupita, kumbe wawili wameshuka kufunga kamba za viatu. Haondoki hadi amwone mfunga msafara kwa macho yake, basi. Huyo avae kizibao cha rangi ambayo mwingine yeyote haruhusiwi kuvaa. Ya pili, nguzo anasimama kabla ya kona, akizuia njia na kufichwa na kibanda. Asimame baada ya kona, upande ambao msafara unaelekea, baiskeli yake nje kabisa ya njia, mahali anayekuja atamwona kabla hajafika. Ya tatu, mtu wa pili ni mgeni aliyekuja leo na hakuelezwa. Maelezo ya nguzo yatolewe kila Jumapili kabla ya kuondoka, hata kama mgeni ni mmoja.

Lami Tupu

Mwalimu, kwa heshima, si rahisi zaidi kila mtu kuwa na ramani ya njia kwenye simu?

Mwalimu wa Luanda

Ramani itumwe, ni nzuri kwa aliyeachwa kabisa. Lakini simu ikiwa imefungwa kwenye usukani juani, skrini haisomeki na betri inaisha kabla ya saa sita. Na anayetazama skrini hatazami shimo. Kwa kundi la watu kumi nitamwamini mtu aliyesimama kona.

FundiWaKondele

Vipuri. Kila mmoja abebe tyubu ya saizi ya gurudumu lake, vipande viwili vya kung'olea tairi, na pampu au mwenzake mwenye pampu. Mfunga msafara abebe zaidi: pakiti ya viraka na solusheni, seti ya funguo za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, kifaa cha kukatia cheni, viungo vya cheni vya kuunganishwa kwa mkono (kile cha gia 8 hakiingii cheni ya gia 10, beba vyote viwili), vibano vya plastiki vya kufungia, waya mmoja wa gia, na kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 8 cha kuwekwa ndani ya tairi iliyochanika ubavuni.

Angalieni vali. Rimu yenye tundu la milimita 6.5 inapokea vali nyembamba peke yake. Ile ya milimita 8.5 ni ya vali nene kama ya gari. Tyubu ya vali nene haitaingia kwenye rimu ya tundu dogo hata mkiomba msaada soko zima. Pampu iwe na kichwa cha kushika zote mbili.

Sasa pancha, maana nikitazama watu wakibadilisha tyubu barabarani naona kosa lilelile. Wanang'oa, wanatia mpya, wanapiga pampu, wanaondoka, na baada ya dakika ishirini tairi imelala tena. Kilichotoboa bado kimo ndani. Kwenye barabara ya Busia na ile ya Kakamega, mtobozi mkubwa ni waya wa tairi za malori. Tairi la lori likipasuka, nyuzi zake za chuma hubaki zimetawanyika kando ya lami, nyembamba kama unywele. Uzi huo ukipenya tairi ya baiskeli huwezi kuuona kutoka nje, na kwa ndani umejitokeza milimita moja tu.

Fanya hivi. Siku ya kufunga tairi, weka maandishi ya tairi yaelekeane na vali. Pancha ikitokea, toa tyubu, ijaze upepo, tafuta tundu kwa shavu au kwa mdomo. Pima kutoka vali hadi tundu. Rudi kwenye tairi, pima umbali uleule kutoka kwenye maandishi, upande wa kulia na wa kushoto. Sasa umebaki na sehemu mbili za kutafuta na si duara zima. Geuza tairi hapo ndani iwe nje, pitisha kipande cha pamba au soksi laini ya nailoni. Uzi wa chuma utaikamata pamba na utaona nywele za pamba zimesimama. Usitumie kidole kitupu. Uvute kwa kibano kidogo cha nyusi au kikata kucha, kuelekea ndani.

Tundu lenyewe nalo linasema. Matundu mawili sambamba, yameachana kidogo: tyubu imebanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo, upepo ulikuwa mdogo. Tundu upande wa ndani unaoelekea rimu: utepe wa rimu umesogea au kichwa cha spoki kimechomoza, usitie tyubu mpya kabla hujautengeneza. Tundu kwenye shina la vali: halizibiki, tupa.

Na kiraka: piga msasa hadi mng'ao uishe, paka solusheni eneo kubwa kuliko kiraka, kisha subiri dakika 5 hivi hadi ikauke kwa kuguswa. Wengi wanabandika ikiwa bado mbichi na kiraka kinateleza kama samaki.

Jambo moja tena kabla sijaacha. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, mkono unaoshika deraila ya nyuma (kile kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia hadi gia) unapinda kuelekea ndani. Mwenyewe anainuka, anaona kila kitu kinazunguka, anaendelea. Akifika mlimani na kuingiza gia nyepesi kabisa, deraila inaingia kwenye spoki, gurudumu linasimama papo hapo. Baada ya anguko lolote, simama nyuma ya baiskeli utazame: deraila iwe wima chini ya gia. Ikiwa imeinama, mkataze mwenyewe kugusa gia mbili nyepesi zaidi mpaka fundi aione.

Menengai50

Salamu kutoka Nakuru. Fundi, hiyo ya pamba naichukua leo.

Kuhusu ishara. Huku kwetu, mkipanda kuelekea Njoro mnashirikiana barabara na malori, matrekta na matatu, na sauti hazifiki mbali. Kwa hiyo kila neno liwe na maana moja. "Gari!" pekee ni hatari kuliko kunyamaza, maana nusu ya kundi wanageuza shingo na nusu wanahama upande. Sema "Gari nyuma!" au "Gari mbele!" Aliye mwisho ndiye anayeanza la nyuma, aliye mbele anaanza la mbele, kila mmoja analipitisha.

Kwa shimo, nyosha mkono chini upande lilipo na useme "Shimo!" Lakini usionyeshe kila kokoto. Mkiwa mnaonyesha vitu arubaini kwa kilomita, lile shimo lenyewe litapita bila kuzingatiwa. Gari lililoegeshwa kushoto: mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, ukielekeza kulia. Kupunguza: kiganja chini, kikipungwa. Kusimama: mkono juu. Na ukihitaji mikono yote miwili kwenye breki, piga kelele tu, usiachie usukani.

Neno ninaloliomba lipigwe marufuku katika kila klabu ni "Njia nyeupe!" (yaani hakuna gari, piteni) kwenye makutano. Kiongozi akilisema, ni kweli kwake. Wa nane anapofika pale ni sekunde kadhaa baadaye na matatu imeshatokea. Kila mtu aangalie kwa macho yake. Kundi likikatika katikati, walio mbele watasubiri pale penye nafasi nje ya lami.

Ukingo wa lami nao. Umemeguka sehemu nyingi, na kushuka kwake ni kama upana wa kiganja. Aliyetoka nje asijaribu kurudi kwa kuulalia upande, gurudumu la mbele litasugua ule ukingo na kumwangusha ndani ya barabara. Apunguze, asimame, ainue baiskeli.

DawaNaPedali

Dharura. Mtu akianguka, wa kwanza kufanya kazi ni wale ambao hawajaanguka. Wawili wakimbie, mmoja mbele na mmoja nyuma, mita 100 kila upande, wakiwa na kizibao cha kung'aa. Weka matawi ya majani barabarani, kila dereva wa Kenya anajua matawi yanamaanisha nini, na yaondolewe mkimaliza. Wengine wote watoke kwenye lami.

Mfunga msafara ndiye anayeshika uamuzi. Majeruhi anayelalamika shingo au mgongo, aliyezimia hata kidogo, au anayeuliza swali lilelile mara mbili, hainuliwi na havuliwi helmeti, isipokuwa hapumui au kuna hatari kubwa zaidi pale alipo. Piga 999 au 112. Mtu mmoja tu apige, na awe anajua kutaja mahali: kilomita ngapi kutoka soko gani, upande wa kuelekea wapi. Kwa njia ya Ahero ujue hospitali ya Ahero, kwa ya Maseno ujue ya Maseno, na kwa majeraha makubwa ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia.

Mkoba wangu: glavu jozi 4, chachi 10, bendeji 3, kitambaa cha pembetatu, plasta, mkasi, chupa ya maji safi ya nusu lita ambayo hainywewi, na pakiti 3 za chumvi ya kuongeza maji mwilini.

Kuhusu maji ya kunywa, kwa joto la Kisumu pangeni mililita 500 hadi 750 kwa saa kwa mtu, na chakula kidogo kila dakika 45, ndizi au kipande cha kiazi kitamu. Anayeanza kuendesha akiyumba, kunyamaza ghafla, au kuacha kutoa ishara, msimamisheni kivulini.

Mwalimu wa Luanda

Nirudi kwa jambo moja ambalo vitabu vya wageni havitakupa. Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za kusafirisha na kuzika marehemu huku magharibi. Msafara wa maiti una magari mengi na bodaboda wengi mbele, na wanakuja kwa kasi. Mkiusikia, tokeni kwenye lami kabisa, shukeni baiskeli, vueni miwani, usiguse kengele. Ni heshima, na pia ndiyo namna pekee ya kukaa salama. Jumapili badala yake kuna waumini wanaotembea kando ya barabara na watoto. Wapiteni kwa kasi ya mtu anayekimbia polepole, na kusalimia.

Upande wa Kibos, Miwani na Chemelil mkumbuke matrekta ya miwa. Trela halina taa na miwa huanguka. Bua la miwa likilala kufuata barabara, gurudumu linalipanda na kuteleza. Na mvua ikinyesha Kano, acheni kabisa njia za udongo mweusi. Udongo ule unajaa kati ya tairi na fremu ndani ya mita hamsini na gurudumu haligeuki tena, mtabeba baiskeli mabegani.

UpepoWaKano

Na mteremko wa Riat mkirudi kutoka Kakamega! Kila mtu aache mita 15, hakuna kupitana, breki zivutwe na kuachiwa kwa vipindi badala ya kushikiliwa mfululizo, maana rimu inapata joto na mpira wa breki unapoteza nguvu. Mteremko unaishia kwenye soko la Mamboleo, tuktuk na boda wakikatiza. Kiongozi asimame juu kabisa na kuwaambia hivyo kabla ya kuwaachia.

MkiaWaMsafara

Asanteni sana. Nimechukua nguzo, "Tumetimia", kasi ya tambarare, na marufuku ya "Njia nyeupe". Tangazo la Jumapili linasomeka hivi sasa:

"Kisumu – Ahero – Kisumu, kilomita 48, tambarare, lami yote. Kundi la pili: kasi ya tambarare 18. Nafasi 10, pamoja na kiongozi na mfunga msafara. Kukutana saa 12:00 asubuhi, ukaguzi wa upepo, breki, cheni na vifungo vya magurudumu, maelezo ya ishara. Kuondoka saa 12:45, jua likiwa limechomoza au linachomoza. Kituo kimoja Ahero, dakika 25. Kurudi mjini kabla ya saa 4:30, upepo haujakaza. Helmeti lazima. Leta tyubu yako, maji chupa mbili, chakula. Mvua kubwa ikinyesha saa 11 alfajiri, safari imeahirishwa, hatusubiri. Aliyepita njia Alhamisi atatoa taarifa ya mashimo siku hiyo jioni."

FundiWaKondele

Ongeza: "Andika saizi ya gurudumu na aina ya vali unapojiandikisha." Mfunga msafara ajue Jumamosi usiku abebe tyubu gani.

MkiaWaMsafara

Imeongezwa.

GiaYaKwanza

Nafasi moja yangu. Inchi 26, vali nene.